Pembe ya Aluweti

Tonton,

Hii ni mara ya tano naanza. Mara ya kwanza niliandika "Kwa marehemu Ramazani", nikaichana karatasi. Mdomo wangu haujawahi kukuita hivyo, ni Tonton tu, kama mjomba, na kalamu nayo ikakataa. Mara ya pili mvua iliingia karakanani, ikabidi niinuke kusogeza mbao. Ya tatu na ya nne sijui hata niliinukia nini. Ndivyo nilivyo tangu uondoke. Nakaa, nasimama. Nashika randa, naiweka. Natoka mpaka ukingoni, nautazama mto kana kwamba kuna mtu niliyeagana naye pale, halafu narudi. Juzi mke wako Mama Zaina aliniambia, "Anto, ikala basi, uko unanichokesha macho."

Bon. Nimekaa. Acha niandike kabla miguu haijaamka.

Siku uliyofariki nilikuwa Yanonge, nimelala chali chini ya baleinière, mashua kubwa ya abiria na mizigo, ya yule mfanyabiashara wa mchele, napigilia misumari. Network ya Yanonge unaijua. Ujumbe ulinifikia jioni. Pirogi, mtumbwi wa kunirudisha, niliipata kesho yake, na nilipoteremka hapa Kisangani ulikuwa umezikwa tangu jana alasiri, kwa desturi yenu: aliyekata roho asubuhi hangoji. Nilikuta kanzu yako imeanikwa kwenye kamba. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, kimoja kimelala ubavu, nikakisimamisha. Basi, hilo ndilo nililokufanyia. Miaka kumi na minane ya kazi pamoja, nikaja kusimamisha kiatu. Najua hata kama ningewahi, wanawake wenu hawaendi makaburini siku ile. Lakini ningekuwa kando ya Mama Zaina. Ningekuwa mahali.

Ila si hilo linaloninyanyua kitini. Linaloninyanyua ni ile boriti.

Nitaeleza yote kama vile hukuwepo, Tonton, maana nikiandika kama mtu anayemwandikia anayejua, nitaruka pale panapouma.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka ishirini na miwili. Binti wa Isangi, watu wa mto, watu wa misa. Baba yangu alikuwa amezama na baleinière iliyofunguka maungio katikati ya safari, mchana kweupe, ikiwa na watu na magunia. Nilikwambia nataka kujifunza kuziba maungio ya mbao. Mafundi wako wakacheka. Mmoja aliniuliza kama naziba pia masufuria. Wewe hukucheka. Ulinipa nyundo, patasi butu na pamba, ukanionyesha ungio baya kuliko yote, refu, limepinda, ubavuni mwa mashua nyembamba nyeupe iliyokuwa imekaa ndani kabisa ya hangari. Nilifanya kazi mpaka adhuhuri, vidole vikavimba. Ulikuja, ukapitisha ukucha wa dole gumba toka mwanzo wa ungio mpaka mwisho. Hukusema kizuri wala kibaya. Ulikata lituma yako ya ndizi za kupondwa mara mbili ukanipa nusu, na samaki ukanipa upande wa kichwa. "Kesho ukuye mapema," ukasema.

Mashua ile ilikuwa Aluweti.

Zamani za wakoloni bwana mmoja Mbelgiji aliileta kutoka Ulaya juu ya barge, tishari la mizigo, kipande kizima, ili ishindane Jumapili na mashua nyingine za wenzake kwenye maji mapana chini ya maporomoko. Nyuma ina jina la shaba, Alouette, lakini watu wa mto hawana muda na herufi zisizotamkwa. Ni mashua ya mbio: tumbo hana, mkuku wake unashuka chini kama ubapa wa kisu na umebeba pande zito la madini ya risasi isipinduke. Mlingoti mmoja. Tanga lake lina pembe nne, na ukingo wa juu umefungwa kwenye mti wa pili, ambao unapanda pamoja nalo na kuchomoza kwa mshazari nyuma ya mlingoti. Wazungu waliuita mti huo kwa jina la pembe katika lugha yao, na baba yako akatafsiri hivyo hivyo: pembe. Bila pembe, ulikuwa unasema, lile tanga ni shuka tu.

Baba yako alikuwa mvuta kamba. Bwana alishika usukani, baba yako akavuta, na kombe likaenda nyumbani kwa bwana. Bwana alipokimbia wakati wa uhuru, mashua zile nyingine zilioza au zikawa kuni. Aluweti baba yako aliipandisha nchi kavu juu ya magogo, akaificha nyuma ya mbao za kazi. Halafu akakuachia wewe. Na wewe, miaka yote, hata wakati wa vita mabomu yalipokuwa yanapita juu ya paa, uliipaka rangi, uliibadilishia mbao, na mvua zilipokaribia uliiteremsha majini. Upepo wa Kisangani si wa kutegemea. Unakuja mbele ya mvua, unavuma dakika ishirini, unakwenda zako. Kwa ajili ya dakika ishirini hizo ulikuwa unafanya kazi mwaka mzima. Wenye baleinière walikupigia kelele, "Papa Ramazani, tia injini!" Ulikuwa unainua mkono kama mtu anayesalimiwa.

Nilipenda dakika zile. Sitasema uongo. Unakumbuka siku kofia yako ilipochukuliwa na upepo, ukakataa kugeuza mashua kuifuata kwa sababu "leo inakimbia vizuri"? Tulirudi umeloa, kichwa wazi, ukiimba wimbo bila maneno, wewe ambaye huimbi. Nilipenda. Lakini mwaka baada ya mwaka nikaanza pia kuchoka. Nilikuja kwako kwa ajili ya watu wanaozama. Nilikuwa naona baleinière zinatoka bandarini zimejaa mpaka mdomoni, mbao mbichi, misumari ya kutu, na fundi bora wa mto huu mzima yuko hangarini anasugua mashua isiyobeba hata gunia moja la mihogo.

Alors, pembe ikapasuka.

Ilipasuka mvua ya mwisho uliyoishi kuiona, karibu na koo, pale inapokumbatia mlingoti. Haikuwa ya kuungwa. Na wewe ulikuwa na ile boriti ya mti wa lifaki juu darini, ndefu, nyoofu, isiyo na fundo. Miaka mitatu ulikuwa unaikausha kivulini, kila mwezi unapanda ngazi na kuigeuza kama mtu anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda. Wakati huohuo yule wa Yanonge alihitaji mti mrefu wa kufunga ubavu wa baleinière yake, toka mbele mpaka nyuma, na mti mwingine mkavu hatukuwa nao. Nilikuomba. Ukasema ule ni wa pembe. Nikakuomba tena. Ukasema, "Anto, atangoja, tutatafuta ingine." Nikasema mvua haingoji, atapakia watu juu ya mbao mbichi.

Halafu nikasema lile.

Nimeinuka. Nimezunguka hangari mara mbili. Nimerudi.

Nilisema, "Tonton, papa yako alivutaka kamba, muzungu akabebaka kombe. Na weye mpaka leo uko unasafishia bwana bato yake. Bwana alishakufa. Utamusafishia mpaka lini?"

Mafundi waliweka nyundo chini. Wewe ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati. Nilidhani utanifukuza. Kisha ukasema, "Peleka." Ukasogeza ngazi mwenyewe. "Peleka Yanonge." Na tulipoiteremsha ile boriti, wewe, mzee mwenye pumzi fupi, ulishika upande mzito.

Hilo ndilo neno la mwisho nililo nalo kutoka kwako. Peleka. Nikapeleka. Siku ya sita ulikuwa chini ya udongo.

Donc, sasa yaliyofuata.

Baada ya arobaini mwanao Hamisi alikuja kutoka Opala. Unajua anavyofanya kazi kule, anaendesha bato, mashua ya injini, ya watu wengine juu ya mto Lomami, anabeba abiria na mawese, na usingizi wake anaulalia juu ya magunia. Alikaa siku mbili anaingia hangarini na kutoka. Siku ya tatu akaniambia mbele ya mama yake: anataka Aluweti. Atakata mlingoti, atatia injini, atajenga kibanda cha abiria. "Ni mbao muzuri," akasema. "Juu ya nini ioze hapa?"

Nilimwambia mkuku ni mrefu mno, Lomami ina mafungu ya mchanga, atakwama. Akasema, basi tunakata mkuku pia.

Mama Zaina alinitazama. Alisema sisi wawili tuliamue, yeye amezika mume, hataki kuzika na mashua. Na mimi, Tonton, mimi niliyelala na kuamka ndani ya hangari hii, ningemkatazaje? Maneno ya Hamisi yalikuwa maneno yangu. Alikuwa anasema kwa upole kile nilichokutupia usoni. Nikasema, "Sawa, nitakufanyia kazi."

Jioni ile, tukiwa tunapima, Hamisi aliniuliza kama najua kwa nini hajawahi kupanda Aluweti na mimi. Nilidhani hapendi. Akasema, "Nilikuwa na miaka nane. Papa alinifundisha kushika usukani. Siku moja nikatupandisha mchanga. Hakunigombeza, hapana. Hakunibeba tena tu. Kisha weye ukakuya." Alisema bila hasira, macho yake kwenye kamba ya kupimia. Miaka kumi na minane nilikaa mahali pa mtu, Tonton, na hukuniambia.

Nilianza kung'oa sakafu ya ndani ili kutengeneza kitako cha injini. Nilitaka kufanya haraka, mikono iende mbele ya akili. Lakini mikono ndiyo iliyonisimamisha. Nilitoa ubao wa kwanza: wangu, niliuranda mwenyewe mwaka ule wa maji makubwa. Wa pili, wako. Najua patasi yako, inaacha mwisho wa kila mkato kama ukucha. Mataruma ya kushoto, zile mbavu za mashua, mti wa kambala, ya baba yako, yamechongwa kwa tezo. Mataruma ya kulia, nusu ya baba yako, nusu yako. Mbao za ubavu, zako na zangu. Nikashuka mpaka kwenye mkuku nikakuta mbao ya afromozia nyeusi, imefungwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Nikaanza kutafuta, sasa kwa makusudi, na taa mkononi, kile kilichotoka Ulaya. Nilikipata: mlingoti, risasi, jina la shaba, na vipande vitatu vya mbao nyekundu mbele puani. Basi. Vingine vyote vilitoka msitu huu na mikono hii.

Nilikaa ndani ya tumbo la Aluweti, nimeshika patasi. Ulikuwa unajua. Siku ile nilipokutupia maneno ulikuwa na jibu tayari, lenye urefu wa mita tisa, limesimama nyuma ya mgongo wangu. Ungenyoosha kidole tu. Ukafuta miwani.

Ningekuwa mtu mzuri, ningetoka pale pale nikamwambia Hamisi hapana. Sikutoka. Niliona aibu, na aibu yangu haina sauti. Nilirudisha mbao chache, nikaacha nyingine, nikasema tutaona.

Fundi wa injini anakaa ng'ambo, Lubunga. Jumamosi moja tukaamua kuivusha Aluweti ivutwe na pirogi yenye mota. Mlingoti tuliuacha umesimama kwanza, maana fundi alitaka kuutumia kuinulia injini. Tanga, lile la turubai la lori, Hamisi alilikunja ndani ili aje kuifunika injini mvua isiiguse. Nilichukua pia upondo mmoja mrefu wa kujisukumia ukingoni. Mimi na Hamisi tulikuwa ndani ya Aluweti, mwenye pirogi yuko mbele na kamba.

Ilikuwa saa tisa mchana. Tulipofika katikati ya mto, mota ya pirogi ilikohoa, ikazimika. Mwenye pirogi akavuta uzi wa kuiwasha, akavuta, akavuta. Nikageuka nikaona juu ya maporomoko mbingu imekuwa rangi ya sufuria. Unajua kinachofuata. Upepo ulitufikia ukiwa umebeba majani na mifuko ya plastiki, maji yakawa meupe, na pirogi ikaanza kutupigapiga ubavu. Jamaa aliachilia kamba akachukua kasia. Simlaumu, tungemzamisha.

Sasa mkondo ulikuwa nasi, na upepo pia, na vyote viwili vilikuwa vinatupeleka upande wa kulia, bandarini, kwenye zile barge kuukuu za chuma zilizofungwa pamoja. Aluweti akigonga chuma kwa ubavu na kasi ile ni mayai. Hamisi alisimama akasema, "Turuke." Na mimi najua maji ya chini ya barge, yanavuta mtu ndani na hayamrudishi. Nilipiga kelele: "Kamata usukani!" Akasema, "Sijue!" Nikasema, "Kamata tu!"

Nilifungua tanga. Nilifunga ukingo wa juu kwenye upondo, zamu nne, tano, nikaukumbatisha mlingoti kwa kitambaa changu cha kichwa na kamba juu yake, nikavuta kamba ya kupandishia. Upondo ulipanda ukipinda kama fimbo ya mvuvi. Tanga likajaa kwa mshindo mmoja, na Aluweti akalala ubavu, na maji yakaingia, nikamsikia Hamisi anamwita Mungu. Kisha mashua ikaanza kwenda. Sio kubebwa. Kwenda. Lakini pua ilikuwa bado inaelekea chuma.

Nikamwambia yale uliyokuwa unaniambia: "Geuza uso, upepo ikupige masikio yote mbili sawasawa..." Na kabla sijamaliza, yeye akamalizia, kwa sauti ya mtoto: "...kisha sukuma usukani kule unaogopa." Alikuwa nayo, Tonton. Miaka thelathini alikuwa nayo. Akasukuma mti wa usukani kule alikoogopa, kwenye barge zenyewe, na pua ya Aluweti ikageuka upande wa pili, taratibu, ah, taratibu sana, ikatoka kwenye chuma. Tulipita kwenye kona ya barge ya mwisho kwa nafasi ya mkono wa mtu. Juu yake kulikuwa na mama anaosha sahani. Alisimama na sahani yake, tukatazamana, tukapita.

Hatukuweza kugeuka tena. Tulikwenda na upepo mpaka Simi-Simi, mji wote unapita kulia. Pale upondo ulivunjika, tanga likatuangukia kichwani, na Aluweti akapanda mchanga akakaa. Mvua ikaanza wakati huo.

Hamisi alitoka chini ya tanga akatapika pembeni. Alipomaliza alinawa uso, akakaa ukingoni mwa mashua, akasema, "Mara ile nilikuwa mudogo. Usukani ilikuwa inanishinda nguvu. Haikuwa ujinga." Nikasema najua. Akasema, "Yeye hakujua." Nakuandikia ulijue sasa.

Watu wanaochota mchanga walikuwa wamekuja kutazama. Mzee mmoja mwanamke akauliza, "Hii bato iko ya nani?" Jibu nililokuwa nalo miezi michache kabla, kwamba ni ya bwana, nililiacha. Hamisi akasema, "Ya nkoko yangu," yaani babu, "na ya papa." Halafu akaninyooshea kidevu. "Na ya huyu dada." Kisha akaniambia, kama mtu wa biashara, kwamba hatatia injini. Nikadhani ni kwa sababu yako. Akasema hapana, bato hii haina tumbo, itamuulia watu kule Lomami. "Unitengenezee ingine. Kubwa. Yenye tumbo. Maungio yake uzibe weye mwenyewe." Nikasema nitayaziba mwenyewe.

Ndiyo kazi iliyoko hapa mbele yangu ninapoandika. Mkuku umeshalala, mbao ni kavu, niko nakataa kila ubao wenye unyevu mpaka wauzaji wananikimbia. Aluweti tuliirudisha kwa kuvutwa na baleinière. Ubao mmoja wa chini ulipasuka, nimeshauondoa. Sakafu nimerudisha yote.

Lakini bado sikai. Nilidhani nikishaiokoa nitakaa, na sikai. Basi wiki iliyopita nikaenda kwa Mama Zaina nikamwambia kila kitu: boriti, na yale maneno, mbele ya mafundi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuacha kuchambua. Nikamuuliza ulisema nini, zile siku tano za mwisho, kama ulisema chochote. Akasema uliuliza mara mbili kama nimefika Yanonge salama, na mara moja kama boriti ilinyeshewa njiani.

Basi? nikauliza.

Basi, akasema.

Sijui hiyo ni nini, Tonton. Nimeigeuza pande zote. Mtu aliyekasirika anaweza kuuliza hivyo. Mtu aliyesamehe anaweza kuuliza hivyo. Fundi tu, anayejali mti wake, anaweza pia. Haikunyeshewa, niliifunika kwa mkeka wangu nikaloa mimi. Iko Yanonge, ubavuni mwa ile baleinière, inabeba watu kila wiki, na maungio yake ni makavu. Na mimi nakuomba radhi kwa maneno yale. Sio kwa boriti. Boriti ningeipeleka tena. Maneno yale ndiyo sikupaswa, kwa sababu yalikuwa uongo, na mikono yangu ilikuwa inajua tangu zamani kwamba ni uongo.

Nilipoinuka kuondoka, Mama Zaina akanishika kanga. Akasema, "Ile tanga ni mimi niliishonaka. Na mashini yangu. Sindano tatu zilivunjika." Nikasema najua, Mama. Akasema, "Miaka yote hii, hakuna mutu aliniulizaka kama nataka kupanda." Wewe hukumuuliza. Mimi sikumuuliza. Alikuwa anakuja ukingoni na kanga kichwani, anatusubiri na taulo, nasi tunateremka tumeloa tunacheka, tunampa kamba ashike. Nikamuuliza kama anataka. Akasema, "Mimi niko muzee, nitaloa." Kisha akasema, "Nitakaa wapi?"

Hamisi anajua mti unaofaa kuwa pembe, njia ya Opala, mwembamba na mnyoofu. Tutakwenda Jumatatu. Utakaushwa kivulini muda wake wote, nami nitaugeuza kila mwezi. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mtulivu, lakini ngazi nitapanda. Na ninachokuahidi ni hiki: siku pembe mpya itakapopanda, kabla yangu, kabla ya Hamisi, ataingia Mama Zaina. Atakaa mbele puani, juu ya zile mbao tatu nyekundu, pale maji yanaporuka zaidi. Taulo nitashika mimi.

Wewe wa msikiti, mimi wa misa, sijui tunaagana kwa neno la nani. Pumzika, Tonton. Mungu akulaze mahali penye kivuli na hewa. Mimi nainuka, wanaleta mbao.

Mwanafunzi wako,
Anto